Mbuzi Aliyechinjwa Siku ya Ukaguzi

Nianze na Mungu, maana kwa umri huu sijui pengine pa kuanzia. Ashukuriwe Yeye aliyetupa vilima hivi pamoja na ukavu wake, akatupa na mikono ya kupambana na ukavu huo. Ashukuriwe kwa kunipa macho ya kuona kazi za watu wengine zikikua, na uhai wa kutosha wa kukaa chini na kuzieleza. Sifa zote ni zake. Makosa nitakayoyasimulia humu ni yangu.

Nilifundisha masomo ya biashara katika shule ya sekondari hapa Machakos kwa miaka mingi kabla sijaitwa kwenye kazi nyingine. Ilikuwa katika miaka ya tisini. Mradi mmoja ulitafuta watu wazima waliojua biashara, waliojua Kikamba, na wasioogopa vumbi, wawe washauri wa kampuni za kati. Mke wangu alipoisikia habari hiyo aliniuliza kampuni ya kati ndiyo gani, kama ni ile iliyo kati ya Machakos na Nairobi.

Nilimjibu hivi, na mpaka leo sijapata maelezo yanayonipendeza zaidi. Mama anayeuza nyanya sokoni Masii ana chama chake cha akina mama. Akikwama, wenzake wanamwinua. Kiwanda kikubwa cha barabara ya Mombasa kina mawakili, na mwenyewe akipiga simu Nairobi inapokelewa. Lakini kuna mtu aliyeanza na cherehani mbili, akafikisha ishirini. Chama hakimtoshi tena, na benki haijamwona bado. Ameajiri majirani zake, watoto wao wanasoma kwa sababu yake, na kila asubuhi anaamka na wasiwasi ambao hana wa kumweleza. Huyo ndiye niliyetumwa kwake.

Mke wangu alifikiri kidogo, kisha akasema kwamba basi nilikuwa natumwa kwenda kusikiliza watu. Ndivyo ilivyokuwa.

Nilipewa kampuni saba. Masii palikuwa na wafumaji wa sweta za shule. Mjini Machakos palikuwa na mafundi wa plau na toroli, watu wa kelele nyingi na moyo mwema. Nyingine sitazitaja. Ninayotaka kuieleza ni ile ya matunda, iliyokuwa kando ya barabara kati ya Matuu na Kithimani, na ya mwaka mmoja tu, mwishoni mwa miaka hiyo ya tisini.

Mwenye kiwanda alikuwa mjane aliyewahi kuwa muuguzi. Wafanyakazi wote, hata waliomzidi umri, walimwita mwaitu, yaani mama yangu kwa Kikamba. Alianza kwa kupika jemu jikoni kwake na mumewe akiwa hai. Mume alipofariki, watu walitazamia kwamba angefunga. Yeye alinunua mashine ya kukamua. Nilipomfahamu alikuwa na watu kama hamsini, na kazi yao ilikuwa kumenya na kukamua mapapai, mapera na maembe, kupika rojo, yaani uji mzito wa matunda hayo, na kulifunga kwenye mapipa ya kuuzia watengenezaji wa juisi.

Shida yake ilikuwa maembe. Kwingine pote duniani, nadhani, mtu hulia kwa kukosa. Kule Yatta, kilipokuwa kiwanda hicho, mtu alilia kwa kupata. Kuanzia Desemba maembe yaliiva yote kwa pamoja, na mpaka Februari yalikuwa yakioza chini ya miti na kando ya barabara, nyuki wamejaa, harufu ni kali hadi ndani ya kanisa. Wakulima walimletea mwaitu, naye aliweza kupokea kidogo tu, kwa sababu waliomnunulia rojo walikuwa wachache na wa kubembelezwa. Msimu ukipita aliwarudisha nyumbani nusu ya wafanyakazi. Kila mwaka aliwaita mmoja mmoja ofisini kuwaambia, na kila mwaka aliugua wiki nzima baada ya hapo.

Basi mwaka huo kampuni moja kubwa ya juisi ya Nairobi ilikubali kununua rojo lake la msimu mzima, na la misimu itakayofuata, kwa sharti moja. Mkaguzi wao aje akione kiwanda kabla ya Desemba. Akiridhika na usafi, atatia sahihi. Asiporidhika, hakuna mkataba. Mwaitu aliniambia wazi kwamba akikosa sahihi hiyo hatawaita watu mmoja mmoja tena, atafunga.

Tulijiandaa tangu Agosti. Meneja wa kiwanda alikuwa shemeji yake, ndugu mdogo wa marehemu, kijana aliyesomea ufundi na aliyependa kila jambo liandikwe na kubandikwa ukutani. Tulipaka rangi, tukafunika mitaro, tukaweka mabomba ya kunawia yanayofunguliwa kwa goti. Nilikuwa nakwenda huko mara mbili kwa wiki. Na kwa kuwa mimi ni mzee wa kanisa, nilizoea kuongoza sala yao ya asubuhi, wakiwa wamesimama uani kabla ya kuanza kazi.

Siku moja kabla ya mkaguzi kufika, mwaitu na meneja walikuwa wamekwenda Thika kuchukua kofia mpya za kufunika nywele. Nikaongoza sala peke yangu, kisha nikawaambia wafanyakazi maneno machache kwa Kikamba. Nayakumbuka vizuri kuliko ninavyotaka. Niliwaambia kesho anakuja mgeni mkubwa, na kwamba wampokee kama tunavyompokea askofu anapokuja kuwawekea watoto mikono.

Mimi nilimaanisha wavae safi, wawahi, na wasipige domo. Lakini katika parokia zetu askofu hapokelewi kwa ukimya na aproni nyeupe. Kila mtu pale alijua anavyopokelewa, na mimi pia nilijua, maana nimekaa kwenye kamati za mapokezi hayo nusu ya maisha yangu.

Mkaguzi alifika Ijumaa asubuhi na mapema kwa gari dogo. Alikuwa mwanamume mwembamba, mpole, mwenye koti jeupe ndani ya mkoba na kalamu mbili mfukoni. Alisalimia kila mtu kwa mkono, hata waliokuwa wamevaa glavu, kisha akawaomba radhi kwa kuwafanya wanawe tena. Nilimpenda hapo hapo.

Ndani kila kitu kilikwenda kama tulivyoomba. Aliinama akatazama chini ya mashine, akapitisha kidole nyuma ya mlango, akasoma karatasi zote za meneja ukutani, na meneja akasimama kama mtu anayepigwa picha. Akina mama wa kuchagua matunda hawakuinua macho. Saa nne na nusu mkaguzi alifunga daftari na kusema amebakiza mtaro wa nje na tangi la maji tu. Mwaitu alinitazama, nami nikaona machozi yamekaribia, yale ya furaha.

Tukazunguka nyuma.

Mbuzi alikuwa amening'inizwa kwenye nguzo ya tangi la maji, amechunwa nusu. Damu ilikuwa imetiririka hadi kwenye mfuniko wa mtaro wetu mpya. Moto ulikuwa umewashwa kati ya mawe matatu, na kando yake wanawake wawili wa kiwandani, wamevaa aproni nyeupe na kofia zile za Thika, walikuwa wakisafisha matumbo. Walikuwa wanayasafishia kwenye ndoo zetu za rojo. Ndoo zilikuwa zimeandikwa na meneja kwa rangi nyekundu, kwa herufi kubwa, kwamba si za kazi nyingine.

Inzi nisiwaeleze.

Mlinzi wa geti alikuja kutulaki. Alikuwa mzee, aliyefiwa na mke kama mwaitu alivyofiwa na mume, aliyekaa getini tangu geti lilipokuwa miti miwili na kamba. Siku hiyo alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa koti la Jumapili. Mbuzi alikuwa wake mwenyewe. Hakumwomba mwaitu ruhusa, na sababu yake aliieleza baadaye kwa utulivu kabisa: mwanamke aliyefiwa na mume akipata mgeni mkubwa, majirani hawamwulizi kama ana kitu cha kumpa. Kumwuliza ni kumwaibisha. Wanaleta tu.

Alikuwa ameshika sahani, na juu yake ini lililochomwa, limekatwa vipande vidogo, na chumvi pembeni. Alimkabidhi mkaguzi kwa mikono miwili.

Mkaguzi alimtazama mzee, akatazama sahani, akatazama nguzo ya tangi. Kisha akainamisha kichwa kidogo, akanawa mikono kwenye bomba, akachukua kipande, akala. Akatafuna polepole. Akachukua cha pili.

"Mzee, asante sana," akasema. "Nyama ni tamu. Lakini siwezi kuandika kwamba sikuiona."

Mwaitu aligeukia ukuta.

Mkaguzi hakuwa na ukali wowote. Kabla ya kuondoka alitueleza ofisini kwamba ndani ya kiwanda hakuona doa, na kwamba alikuwa amekwisha kuandika hivyo. Kwa hiyo angetupa nafasi moja zaidi baada ya wiki nne, mradi tujaze fomu yenye mistari mitatu: nini kilitokea, nani anahusika, na hatua gani imechukuliwa. Akaongeza kwa sauti ya chini kwamba wakubwa wake huanza kwa kusoma ule mstari wa pili.

Alipoondoka, meneja alifunga mlango. Alikuwa na hasira, na sikumlaumu. Mwezi mzima alikuwa akilala saa chache kwa ajili ya siku ile. Alisema jambo ni wazi, aandikwe mlinzi, na aandikwe kuwa ameachishwa kazi. Tukiandika tumemwonya, watatucheka. Tukiandika ameondoka, wataona tuna nia.

Mwaitu aliwaita akina mama wawili wa ndoo akawauliza nani aliyewatuma. Wakasema, "Ni sisi sote." Akawaita wengine. "Sisi sote, mwaitu." Kule kwetu tuna kazi ya mwethya, ambapo majirani wanalima pamoja shamba la mmoja wao, na mtaro ukichimbwa vibaya haulizwi ni jembe la nani. Hivyo ndivyo walivyofanya kazi pale kiwandani, na hivyo ndivyo walivyojibu. Mwishowe akaitwa mlinzi mwenyewe, akasema ni yeye.

Watu hamsini walikuwa wamenisikia nikimtaja askofu. Mwaitu na meneja walikuwa Thika siku hiyo, kwa hiyo hawakujua. Nikangoja mtu mmoja aseme, na hakuna aliyesema, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeketi pale pale, kofia mapajani, nikitazama vidole vyangu. Mwaitu alisema atatoa uamuzi Jumatatu. Hata wakati huo sikufungua mdomo.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Wakubwa wa mradi wangu walikuwa wanakuja mwezi uliofuata kupima kazi zetu, na kiwanda hicho ndicho nilichokuwa nimejisifia. Nilikuwa nimewaandikia kwamba nimewafundisha watu wa Yatta usafi wa viwanda. Nilikuwa mtu mzima, mzee wa kanisa, mwenye wajukuu, na niliogopa karatasi.

Jumamosi mke wangu alikuwa barazani akichagua ndengu. Nikakaa kumsaidia, nikamsimulia yote, ila nikaruka sala ya asubuhi na maneno yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akipuliza makapi. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza saa, mzee huyo alijuaje kwamba mgeni ni mkubwa. Nikamwambia labda alisikia. Akaniambia, "Baba, umetupa ndengu nzima na umebakiza mawe." Nikatazama sahani yangu. Ilikuwa kweli.

Jumapili nilikwenda kusali Kithimani. Sikuwa na kazi huko. Nilijiambia kwamba ni vizuri kuabudu na watu tunaofanya nao kazi, na Mungu akaniacha nijiambie hivyo mpaka nikafika.

Baada ya ibada mlinzi alinikuta nje, karibu na ukuta wa sakristia. Tulisalimiana kwa kirefu, tukaulizana mvua, maana Novemba ile ilikuwa imeanza vizuri. Tulizungumza Kikamba, naandika hapa kwa Kiswahili kadiri ninavyoweza.

"Mwalimu, nasikia kesho nitaambiwa niende."

Nikamwuliza nani amemwambia.

"Mtu wa geti haambiwi. Anasikia." Akatabasamu. "Sina neno. Lakini nieleze kosa langu, nisije nikalifanya kwingine. Nilikosea kumchinjia, au nilikosea mahali pa kuchinjia?"

"Mahali," nikasema.

"Basi ni nusu ya kosa."

Alicheka, na mimi nikashindwa kucheka naye. Nikamwuliza kama alikuwa amemwambia mwaitu, au mtu yeyote, kwamba ni mimi niliyewaambia kuhusu askofu. Alinitazama kana kwamba nimemwuliza kama amewahi kutembea uchi sokoni.

"Wewe unafundisha viwanda vingi," akasema. "Mimi nina geti moja. Wakinilaumu mimi, mzee mmoja amekosea. Wakikulaumu wewe, nani atawasikiliza wale wengine?"

Nimesikia mahubiri mengi katika maisha yangu, na mengine nimeyatoa mwenyewe. Hakuna lililonifikia kama hilo, nalo lilisemwa na mtu ambaye hakujua kwamba anahubiri. Alikuwa akinieleza tu mpango aliouona kuwa wa busara, wa kumfanya yeye alale njaa na mimi niendelee.

Jumatatu nilikuwa ofisini kwa mwaitu kabla ya meneja. Nilimweleza nikiwa nimesimama. Nilimwambia maneno yangu kama nilivyoyasema, neno kwa neno, na kwamba nilikaa kimya mbele yake siku ya Ijumaa nikijua.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akatoa leso.

"Kwa hiyo ni askofu ametuangusha," akasema.

Alipomaliza kujifuta macho, uso wake ukawa ule wa muuguzi anayeshika sindano. Akaichukua fomu, akaisukuma upande wangu wa meza pamoja na kalamu.

"Andika, mwalimu. Mimi sikuwa na nguvu ya kumwandika yule mzee. Tangu Ijumaa natafuta nguvu hiyo na naomba nisiipate."

Meneja aliingia tukiwa katikati. Alipinga, na hoja yake ilikuwa nzuri: mimi sikuwa mfanyakazi wa kiwanda, Nairobi wangeuliza mshauri huyu ni nani na anatafuta nini kwenye fomu. Nikamjibu kwamba wakiuliza nitakwenda kuwaeleza kwa mdomo wangu. Akakaa. Baadaye alinisaidia kupanga sentensi, kwa sababu aliandika vizuri kuliko mimi. Kwenye mstari wa pili tukaandika jina langu na kazi yangu. Kwenye mstari wa tatu meneja aliniuliza tuandike nini, maana hatua ya kumfukuza mshauri haikuwa yao.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba tangu Agosti tulikuwa tumewaambia watu wale nini cha kufanya bila kuwaambia ni kwa ajili ya nani. Walijua mabomba ya goti, walijua kofia. Hakuna aliyejua rojo linakwenda wapi likishatoka getini. Tukaandika kwamba hatua yetu ni kufundisha upya, na kwamba chakula cha wageni kitapikwa nje ya ua.

Wiki zile nne nazihesabu kati ya zile nzuri za maisha yangu. Tulichukua orodha ya mkaguzi, tukaitafsiri kwa Kikamba, na kila asubuhi baada ya sala tulizungumza jambo moja tu. Niliwaomba msamaha kwanza, mbele ya wote. Mama mmoja wa meza ya kuchagua akanijibu kwamba wamenisamehe, ila Jumapili nisije nikawaambia askofu ni kama mkaguzi, watamwosha kwa klorini.

Siku moja mama huyo huyo aliuliza nani hasa anayekunywa kitu chetu. Meneja akamweleza kwamba kinachanganywa na maji na sukari, kinatiwa kwenye pakiti, na kinauzwa nchi nzima. Pengine mtoto wa shule wa Kisumu anakunywa wakati wa mapumziko, pengine mgonjwa wa Nyeri ambaye hawezi kula kingine. Mlinzi, ambaye alisimama nyuma karibu na geti lake, akasema kwa sauti ya mtu anayejiambia, "Kumbe mgeni ni yule. Si huyu wa kalamu."

Nilikuwa nimebeba vitabu vya ubora na usafi kwa miaka kadhaa, na mtu wa geti alikuwa amevifunga vyote kwa kamba moja.

Kuanzia siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa mgumu kuliko wote. Alidai getini pawekwe beseni la dawa la kukanyagia viatu, na akalisimamia mwenyewe. Alimrudisha meneja mara mbili. Alimrudisha kasisi aliyekuja kutusalimia. Mwaitu alipojaribu kupita kwa haraka siku moja, akiwa na mafaili kwapani, alimwekea fimbo mbele ya magoti, kwa heshima yote, mpaka akakanyaga dawa.

Mkaguzi alirudi mwanzoni mwa Desemba. Tulikuwa dirishani, mwaitu, meneja na mimi, tukamwona akishuka garini na kuelekea getini. Mlinzi akamsimamisha. Hatukusikia walichosemezana, ila tuliona mkaguzi akikanyaga beseni, mguu mmoja na wa pili. Kisha mzee akaelekeza kidole kwenye mkono wake. Mkaguzi akavua saa, akaitia mfukoni. Mzee bado hakufungua. Akaelekeza kwenye pete.

"Mungu wangu," meneja akasema. "Anamvua hata ndoa."

Mwaitu alinishika mkono akaubana. Kule nje mkaguzi alikuwa akihangaika na pete iliyokataa kutoka. Mlinzi akampa sabuni. Ilipotoka, wakapeana mikono, na geti likafunguliwa.

Ukaguzi wenyewe ulichukua muda mrefu kuliko wa kwanza, maana safari hii alianzia nje. Alipiga magoti kwenye mtaro. Alipanda ngazi ya tangi. Mwishoni aliomba kuonana na mtu aliyeandikwa kwenye mstari wa pili, nikajitokeza, naye akaniuliza swali moja tu: kama ningeandika hivyo endapo hakuna aliyenisukuma. Nikamwambia nilisukumwa, tena na mtu ambaye hakukusudia kunisukuma. Akaitikia kwa kichwa. Akaweka daftari juu ya meza ya kuchagulia, kisha akakumbuka akaliondoa na kuomba kitambaa aifute meza. Alitia sahihi akiwa amesimama, ameegemeza karatasi kwenye ukuta.

Wakubwa wa mradi wangu waliisoma fomu ile, kama nilivyojua wataisoma. Hawakunifokea. Hawakuniongezea kampuni nyingine pia, wakati wenzangu waliongezewa. Nilibaki na saba zangu mpaka nilipostaafu miaka michache baada ya mwaka elfu mbili, na kwa neema ya Mungu sikuona upungufu, kwa sababu saba zilinitosha kuzijua kwa majina ya watu na watoto wao.

Lori la kwanza la Nairobi lilikuja kuchukua mapipa wiki moja kabla ya Krismasi. Mwaitu alisimamisha mashine kwa robo saa ili watu watoke nje waone, na meneja hakunung'unika, yeye ndiye aliyezima. Walisimama uani wote hamsini, na kofia zao. Wengine walikuwa wamefanya kazi pale miaka kumi na hawajawahi kuona mzigo wao ukiondoka bila mnunuzi kubembelezwa. Mama mmoja alimwuliza dereva atafika saa ngapi. Dereva akasema alasiri, Mungu akipenda. Mama akamwambia aende polepole kwenye kona. Mlinzi alifungua geti pande zote mbili, akasimama wima, na lori lilipopita mwaitu alimwendea akasimama kando yake. Lilipopotea kwenye barabara alimwambia kwamba mapipa ya kesho ni mengi kuliko haya, na kwamba msimu huu hataita mtu ofisini. Mzee akasema sawa, mwaitu, akarudisha komeo.

Watu wa takwimu huko Nairobi wanao uchumi wa taifa ndani ya vitabu vyao, na wana haki, ni kazi yao. Mimi nikilisikia neno hilo naona mtu mmoja anayefungua geti na mwingine anayezima mashine ili wenzake waone.

Wewe uliyeyasoma haya, Mungu akubariki katika kazi uliyopewa, iwe ndogo, iwe kubwa, au iwe ya pale katikati ambapo hakuna anayekuona. Akupe watu waaminifu wa kukaa nao, akupe ujasiri wa kuandika jina lako panapostahili, na wale watakaokula au kunywa kazi ya mikono yako, hata usipowajua kamwe, wapate afya na amani kupitia kwako. Amina.